Udongo, msimu na mvinyo mwekundu wa shamba changa la zabibu Dodoma: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yanahusu mashamba ya Dodoma, kuanzia Makutupora na Hombolo hadi Mpunguzi na Bihawana, yenye mizabibu ya mwaka 1 hadi 5, kwa mkulima anayetaka mvinyo mwekundu mkavu na si zabibu za kula. Vipimo ni vya kuanzia. Shamba lako lenyewe litakurekebisha.

## Mambo ya msingi

1. Kwa nini Dodoma tunavuna mara mbili kwa mwaka, wakati Ufaransa na Afrika Kusini wanavuna mara moja?

Mzabibu wa nchi za baridi hulala: majani hupukutika, mti hutulia, macho (vinundu vya kuchipulia kwenye matawi) huamka joto likirudi. Dodoma iko nyuzi 6 hivi kusini mwa ikweta, mita 1,100 na ushei juu ya usawa wa bahari, na haina baridi ya kuulaza mzabibu. Anayeuamsha ni mkulima na mkasi wake. Ukipogoa leo, macho huchipua baada ya siku 10 hadi 20, maua hufunguka kati ya siku ya 35 na 45, na zabibu nyekundu huiva kuanzia siku ya 110 hadi 130. Mizunguko miwili ya namna hiyo inaenea ndani ya mwaka, na muda wa kuupumzisha mti unabaki.

Kwa hiyo tarehe ya kupogoa ndiyo inayoamua zabibu zako zitaivia kwenye hali gani ya hewa. Mkulima wa Ulaya hana uchaguzi huo.

2. Mavuno hayo mawili yanatofautiana vipi kwenye glasi?

Aliyepogoa Oktoba au Novemba huvuna Februari hadi Machi. Maua yake yanakutana na mvua za Desemba, na zabibu zinaiva katikati ya masika, usiku ukiwa na joto na mawingu yakiwa mengi. Mvinyo hutoka na rangi hafifu, mwepesi kinywani, na mara nyingi wenye harufu ya majani mabichi au ya uozo mdogo usioonekana kwa macho.

Aliyepogoa mwishoni mwa Aprili au Mei huvuna Agosti hadi Septemba. Zabibu zinageuka rangi katika kipupwe, ambapo Julai usiku hushuka hadi nyuzi 13 au 14 za Selsiasi huku mchana ukiwa na jua kali na hewa kavu. Baridi ya usiku hulinda uchachu wa tunda na husaidia ganda kujijengea rangi. Mvinyo hutoka mzito zaidi, wa zambarau, na wenye uchachu unaouweka hai.

3. Kati ya udongo na msimu, kipi kina nguvu zaidi kwa shamba changa?

Msimu, tena kwa mbali. Mzabibu wa miaka 2 una mizizi yake mingi katika sentimita 40 hadi 60 za juu. Mvua ya wiki moja kabla ya kuvuna inaufikia mara moja, punje zinavimba na sukari inashuka. Siku 10 za jua bila maji nazo zinaufikia vilevile. Mzabibu wa miaka 12 wenye mizizi ya mita 2 hauyumbishwi hivyo, kwa sababu chini kule unyevu haubadiliki haraka.

Udongo unaanza kusikika kwenye mvinyo kadiri mizizi inavyoshuka. Katika miaka ya kwanza kazi yake kubwa ni kuamua jinsi msimu utakavyoupiga mti: kichanga kinazidisha ukame, mfinyanzi unazidisha mvua. Wanaotangaza "ladha ya udongo wetu" kwenye chupa ya mavuno ya kwanza wamewahi mno.

4. Shamba huitwa changa hadi lini?

Hadi mwaka wa 5 hivi. Mche uliotunzwa vizuri huzaa mara ya kwanza kati ya miezi 12 na 18 tangu kupandwa, hukaribia uzaaji kamili mwaka wa 3, na huanza kutulia mwaka wa 5 au 6. Kutulia maana yake ni kwamba matawi hayarefuki hovyo, na vichala vya mstari mmoja vinaiva kwa tofauti ya siku chache badala ya wiki mbili.

5. Nipande Makutupora Nyekundu au Syrah?

Makutupora Nyekundu ndiyo inayojulikana zaidi kwa wakulima wa hapa, miche yake inapatikana na viwanda vimeizoea. Syrah hutoa rangi na uzito zaidi ukiivuna kipupwe, lakini ni aina ya kuadhibu uzembe: punje zake hunyauka mtini upesi maji yakikosekana wakati wa kuiva. Mwenye maji ya uhakika ya kumwagilia anaweza kuweka robo ya shamba Syrah. Asiye na maji ya uhakika asianze nayo.

## Udongo

6. Nitaujuaje udongo wangu bila kwenda maabara?

Chimba shimo la mita 1 kwenda chini, upana wa kuingia mtu, mahali pawili au patatu pa shamba. Jipange kufanya hivyo Mei au Juni, mvua zikiwa zimeisha na ardhi bado haijawa jiwe. Angalia mambo matatu: rangi inabadilika wapi, mizizi ya vichaka inaishia wapi, na jembe linaanza kugonga wapi. Sehemu nyingi za Dodoma zina tabaka gumu lililoshikana kama saruji kati ya sentimita 40 na 80. Mizizi ikilifikia hukunja na kutambaa kando, na hapo mzabibu wako utabaki kama mti mchanga hata ukiwa na miaka 10. Tabaka hilo livunjwe kwa sururu au kwa trekta kabla ya kupanda. Baada ya kupanda hakuna dawa.

Kisha chukua udongo wa sentimita 30, jaza theluthi moja ya chupa ya plastiki ya lita 1, ongeza maji na kijiko cha sabuni ya unga, tikisa dakika 3, uiweke mezani. Mchanga hutua ndani ya dakika moja. Vumbi laini hutua ndani ya saa chache. Mfinyanzi hukaa ukielea hadi kesho yake au zaidi. Pima kila tabaka kwa rula: mchanga wa asilimia 60 hadi 75 pamoja na mfinyanzi wa 10 hadi 20 ni udongo mzuri wa zabibu nyekundu.

Maabara bado inahitajika kwa pH (kipimo cha uchachu: namba ikipanda, uchachu umepungua) na chumvi. Kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Makutupora ni mahali pa kwanza pa kuuliza.

7. Kuna tofauti gani kati ya zabibu za udongo mwekundu wa kichanga na zile za mbuga?

Udongo mwekundu wa miinuko hupitisha maji haraka, hupata joto mapema asubuhi, na una chakula kidogo. Mti haukui kwa fujo. Punje hubaki ndogo, na punje ndogo ina ganda kubwa kulinganisha na maji yake, ndiyo maana mvinyo unakuwa na rangi. Hatari yake ni njaa: udongo huu una naitrojeni kidogo, na njaa hiyo inafika hadi pipani (tazama swali la 21).

Udongo mweusi wa mbuga hushika maji ya masika kwa wiki nyingi. Mti hurefusha matawi wakati unapotakiwa kuivisha, punje huvimba, kichala hujaa kivuli. Kiangazi udongo huo huo hupasuka na kukata mizizi midogo. Kwa mvinyo mwekundu wa shamba changa, mbuga iachwe kwa mazao mengine, au ipandwe juu ya matuta ya sentimita 40.

8. Niweke samadi kiasi gani? Na majivu je?

Chimba mtaro au mashimo ya sentimita 60 kwa 60, tenga udongo wa juu, uchanganye na debe 1 hadi 2 za samadi iliyooza kwa kila mche. Nafasi ya mita 2.5 kati ya mistari na 1.5 kati ya miche inakupa miche 1,000 na zaidi kidogo kwa ekari, kwa hiyo samadi itafutwe miezi kadhaa mapema. Samadi mbichi huunguza mizizi na huita mchwa. Baada ya hapo debe 1 kwa mti kila mwaka, mara baada ya mavuno, inatosha.

Majivu ya jikoni usiweke shimoni. Yana potasiamu nyingi na hupandisha pH ya udongo. Potasiamu inayozidi huhamia kwenye tunda, hufunga asidi ya tartariki, na mvinyo hupoteza uchachu wake (tazama swali la 22). Samadi nyingi kupita kiasi, hasa ya mbuzi, hufanya vivyo hivyo polepole.

9. Nina miti michache juu ya kichuguu cha zamani. Mbona haifanani na mingine?

Mchwa wameupandisha udongo huo kutoka chini. Una mfinyanzi zaidi, chokaa zaidi, na pH ya juu kuliko shamba linalouzunguka. Tazama jani changa la ncha ya tawi: likiwa la manjano huku mishipa yake imebaki ya kijani kama ramani ya mito, mti unakosa madini ya chuma, si kwa kuwa hayapo bali kwa kuwa chokaa inayazuia.

Nyunyizia majani mbolea ya madini ya chuma kabla ya maua, na vuna miti hiyo kando. Vichala vyake huiva kwa kalenda yake, na ndoo 3 za zabibu ambazo hazijaiva zinatosha kuharibu pipa la lita 200. Kama bado hujapanda, sambaza udongo wa kichuguu shamba zima. Ukiwa umesambaa unasaidia, ukiwa umerundikana unasumbua.

10. Maji ya kisima changu yana chumvi. Mvinyo utakuwa na chumvi?

Unaweza. Dalili ya kwanza ni kingo za majani ya chini kukauka rangi ya kahawia, kuanzia nje kuja ndani. Chumvi ikizidi kwenye udongo, kloridi hufika kwenye punje na husikika ulimini.

Pima maji kwa kifaa cha EC, kinachoonyesha chumvi kwa jinsi maji yanavyopitisha umeme, kwa kipimo cha dS/m. Chini ya dS/m 1.0 ni salama kwa mzabibu. Kati ya 1.0 na 2.5 unaweza kuendelea ukiongeza maji kwa asilimia 15 hadi 20 juu ya mahitaji ya mti ili kusukuma chumvi chini ya mizizi, mradi udongo unapitisha maji. Zaidi ya hapo uzao unashuka na mti mchanga ndio unaotangulia kuumia. Usimwagilie juu ya majani. Mvua za masika husafisha udongo wa kichanga bila gharama, lakini mbuga haisafiki hivyo.

## Msimu

11. Nikitaka mvinyo mwekundu mzuri, nipogoe lini?

Rudisha hesabu nyuma. Unataka zabibu zigeuke rangi Julai na kuiva Agosti mwishoni, kabla joto la Oktoba na Novemba halijafika. Ondoa siku 120: unapata wiki ya mwisho ya Aprili hadi wiki ya pili ya Mei. Ukipogoa mapema Aprili, machipukizi hukuta mvua za mwisho. Ukichelewa hadi Juni, zabibu zinaiva Oktoba kwenye joto la nyuzi 30 na zaidi, sukari inapanda upesi kuliko rangi.

Mzunguko wa pili, ule wa Oktoba na Novemba, pogoa pia, lakini kwa shamba la chini ya miaka 4 utumie kuujenga mti: ondoa vichala vingi vikiwa bado vidogo, uache matawi na mizizi vijiwekee akiba. Ushauri huu haupendwi kwa sababu unaonekana kama kutupa fedha. Lakini mti mchanga unaozaa mara mbili kila mwaka humaliza wanga wa shina lake, na mwaka wa 4 huanza kutoa matawi membamba kama njiti.

12. Nimefuata kalenda, lakini mavuno ya Agosti yana vichala vichache. Kwa nini?

Kichala cha Agosti kiliumbwa ndani ya jicho miezi mingi kabla, tawi lilipokuwa linakua Desemba hadi Februari. Jicho linahitaji mwanga ili liumbe kichala. Likikua chini ya mawingu ya masika na kivuli cha majani yaliyosongamana, linaumba kikonyo cha kujishikilia badala ya kichala. Tiba yake basi inafanyika masika: punguza matawi yaliyobanana ili jua lifike kwenye macho ya chini. Wakati wa kupogoa, acha macho 3 badala ya 2 kwenye baadhi ya vijiti, kwa kuwa jicho la 3 mara nyingi lilipata mwanga zaidi.

13. Mvua kubwa imenyesha zabibu zikiwa zimegeuka rangi. Nivune au nisubiri?

Pima sukari siku ya mvua na tena siku 3 baadaye. Ikiwa imeshuka lakini punje hazijapasuka, subiri siku 4 hadi 7 za jua. Maji yanatoka na sukari inarudi. Ikiwa punje za katikati ya kichala zimepasuka, au ukikitikisa kichala inzi wadogo wanaruka, vuna siku hiyo hiyo. Siki imeshaanza. Chambua kwa mikono, tupa kila kichala kinachonuka, na tumia gramu 9 za potasiamu metabaisalfaiti (salfaiti ya kuzuia bakteria) kwa lita 100 badala ya 5 za kawaida.

14. Kiangazi nimwagilie kiasi gani?

Kwa umwagiliaji wa matone kwenye kichanga: mche wa mwaka wa kwanza lita 15 hadi 25 kwa wiki, zikigawanywa mara 2 au 3. Mti wa miaka 3 wenye majani kamili lita 40 hadi 50 kwa wiki. Zabibu zikigeuka rangi, punguza kwa theluthi moja. Mti unaosikia kiu kidogo huacha kurefusha matawi na kupeleka nguvu kwenye tunda.

Kiu hiyo usiipitishe kiasi kwa mti mchanga. Chimba sentimita 40 pembeni ya shina, finyanga udongo kiganjani. Ukishikana kama donge na kuvunjika ukiugusa, hali ni nzuri. Ukimwagika kama sukari, umechelewa, na majani ya chini yataanza kudondoka ndani ya siku chache. Matandazo ya nyasi kavu yanaokoa maji mengi, ila yaache mbali na shina kwa sentimita 20, maana mchwa hupanda kupitia humo.

15. Niondoe majani ili zabibu zipate jua?

Kwa kiasi, na kwa kujua upande. Mistari ya kaskazini na kusini hupata jua la asubuhi mashariki na jua la kuunguza magharibi. Ondoa majani 2 hadi 3 kuzunguka vichala upande wa mashariki tu. Mistari ya mashariki na magharibi ni habari nyingine: Juni hadi Agosti jua la Dodoma linapita kaskazini yetu, kwa hiyo upande wa kaskazini ndio unaopigwa siku nzima, na majani yake yaachwe.

Fanya hivyo punje zikiwa na ukubwa wa mbaazi. Ganda lililozoea jua tangu udogo huvumilia. Lililofunuliwa ghafla likiwa limeiva huungua, hugeuka rangi ya kahawia na kuupa mvinyo ladha ya zabibu kavu.

16. Ubwiriunga na ubwirivinyoya vinaathiri ladha?

Ndiyo, hata kwa kiasi kidogo. Ubwirivinyoya ni wa masika, unahitaji majani yaliyolowa. Huua majani, na zabibu zinakosa wa kuziivisha. Ubwiriunga hauhitaji mvua: unapenda kivuli na hewa ya kipupwe, huacha unga wa kijivu kwenye punje na harufu ya uyoga kwenye mvinyo. Unga wa salfa unauzuia, ila usipulize joto likizidi nyuzi 32, na acha kabisa siku 35 kabla ya kuvuna. Salfa inayobaki kwenye ganda hugeuka harufu mbaya pipani (tazama swali la 21).

## Mzigo wa mti na kuvuna

17. Mavuno ya kwanza kabisa niyachukue?

Chukua sehemu. Hesabu majani: kila kichala kinahitaji majani 12 hadi 15 yenye afya. Mti wa miezi 15 wenye matawi 4 unabeba vichala 4 hadi 6, si 15 ulivyojitokeza navyo. Kata vilivyozidi mapema, kuanzia vya ncha.

18. Sukari imefika Brix 21 (asilimia ya sukari kwenye juisi) lakini mbegu bado ni za kijani. Nivune?

Subiri ukiweza. Joto letu hupandisha sukari kabla ganda na mbegu hazijaiva. Chukua punje 100 kutoka miti mbalimbali, juu na chini ya kichala, kivulini na juani, ukamue zote pamoja upime. Kisha tafuna mbegu 5: iliyoiva ni ya kahawia, inavunjika kama karanga. Ya kijani inakwaruza ulimi, na ukali huo utaingia kwenye mvinyo.

Lengo la kipupwe ni Brix 22 hadi 23, ambayo ikichachuka hadi mwisho inatoa kilevi cha asilimia 12 na kitu (zidisha Brix kwa 0.55). Vuna alfajiri, maliza kabla ya saa 4 asubuhi, tumia kreti zisizozidi kilo 20. Zabibu za kwenye kiroba cha kilo 50 zinafika zimejikamua zenyewe.

19. Kwa nini mvinyo wa mavuno ya kwanza ulikuwa mzuri kuliko wa mwaka wa tatu?

Hili linashangaza wengi, na sababu yake ni ya kawaida. Mavuno ya kwanza yalikuwa na vichala vichache na majani mengi, jua likipita kila mahali. Mwaka wa 3 mti umepata nguvu, umejaza matawi, mkulima ameacha kila kichala, na mizizi bado haijashuka. Mti unazaa kama mtu mzima ukiwa na mizizi ya mtoto. Rudi kwenye hesabu ya swali la 17, na upunguze matawi hadi yabaki 12 hadi 15 kwa kila mita ya waya.

## Pipani

20. Mvinyo wangu mwekundu umetoka kama maji ya rozela. Nifanye nini?

Kama ni mavuno ya masika, rangi haikuwepo kwenye ganda, na kukoroga zaidi hakutaileta. Kabla ya kuchachua, toa lita 10 hadi 15 za mchuzi (juisi ya zabibu) kwa kila 100, ili maganda yaliyobaki yahudumie kioevu kidogo. Mchuzi uliotoa unachachuka peke yake kuwa mvinyo wa waridi, nao huwa mzuri.

Kama ni mavuno ya kipupwe na bado ni hafifu, angalia kazi yako: maganda yanayoelea yazamishwe mara 3 kwa siku, joto liwe nyuzi 24 hadi 28, siku 6 hadi 8 kabla ya kukamua.

21. Pipa linanuka mayai viza siku ya pili.

Hamira ina njaa ya naitrojeni, jambo la kawaida kwa zabibu za kichanga kisichopewa samadi. Weka gramu 20 za DAP (chumvi inayoipa hamira naitrojeni) kwa lita 100 saa 24 baada ya kuanza kuchachuka, na 20 nyingine sukari ikishuka theluthi moja. Hamisha mvinyo kwa kuumwaga kutoka juu ili upate hewa. Harufu ikiendelea baada ya hapo, tafuta salfa ya shambani.

22. Baada ya miezi mitatu mvinyo umegeuka kahawia na hauna uhai.

Pima pH. Ikiwa juu ya 3.8, ni potasiamu ya udongo au zabibu zilizoiva kupita kiasi. Kwa pH hiyo salfaiti haina nguvu na bakteria wanafanya watakavyo. Mwaka ujao rekebisha kabla ya kuchachua: gramu 100 za asidi ya tartariki kwa lita 100 hushusha pH kwa takriban 0.1. Lenga 3.5 hadi 3.6. Limao si mbadala. Asidi yake hugeuzwa na bakteria, na ladha inabaki ya juisi.

23. Uchachukaji umesimama, sukari bado ipo.

Mara nyingi ni joto. Likipita nyuzi 35 hamira hufa. Kwenye mavuno ya Februari na Machi tumbukiza chupa za maji yaliyogandishwa, zikiwa safi na zimefungwa, na chachua kwenye mapipa ya lita 100 hadi 200 badala ya tangi kubwa linalohifadhi joto. Hamira ya mikate huchangia tatizo hili. Nunua ya mvinyo.

24. Naweza kuchanganya mvinyo wa masika na wa kipupwe?

Ndiyo, ikiwa wote ni wazima. Jaribu kwanza kwenye glasi: sehemu 1 ya masika kwa 4 za kipupwe, kisha 1 kwa 3. Mvinyo wenye harufu ya uozo hauponyeki kwa kuchanganywa.

## Hali za pekee

25. Baada ya kupogoa macho yanachipua hapa na pale. Nitumie haidrojeni sayanamidi?

Kwanza angalia kama ulipogoa mti bila kuupumzisha. Punguza maji kwa wiki 4 baada ya kuvuna, kisha upogoe. Kemikali hiyo huamsha macho kwa pamoja, na kuchipua kwa pamoja ndiko kunakoleta kuiva kwa pamoja, lakini ni sumu kali kupitia ngozi. Mtu aliyeigusa akinywa kilevi hata siku chache baadaye anaweza kuugua vibaya. Kwa shamba la chini ya miaka 3 haistahili hatari hiyo.

26. Niuze mchuzi wa zabibu au nitengeneze mvinyo mwenyewe?

Mavuno ya masika ya shamba changa yauze kama zabibu au mchuzi, haraka, kabla hayajachachuka njiani. Kipupwe weka lita 200 zako za kujifunzia. Kilo 100 za zabibu hutoa lita 60 hadi 70. Kabla ya kuuza chupa hata moja utahitaji ithibati ya TBS (shirika la viwango) na stempu za kodi za TRA (mamlaka ya mapato).

27. Majibu haya yanafaa Naivasha au kwingine Afrika Mashariki?

Sehemu ya pipani inafaa kote. Kalenda haifai. Naivasha iko karibu mita 1,900, udongo wake ni wa volkano, na Kenya ina vuli na masika tofauti na msimu mmoja wa mvua wa Dodoma. Tafuta miezi yenu miwili mikavu yenye usiku wa baridi zaidi, uweke kuiva hapo, kisha urudishe siku 120. Kwenye miinuko ongeza siku 20 hadi 30, kwa sababu baridi huchelewesha.